Vipisi vya sigara porini: chupa ya maji au kopo la bati?

Ukitoka Dar kwenda kutembea Pugu asubuhi moja, au Uluguru siku tatu, kipisi utakiweka wapi? Kukifukia si jibu. Kichungi ni plastiki, hakiozi kama jani, na mvua ikikifukua, nikotini inaingia kijitoni.

Chupa ya nusu lita haina gharama. Weka maji ya vidole viwili. Kipisi kikitumbukia kinazimika papo hapo. Ubaya uko kwenye kifuniko. Kikilegea ndani ya begi, maji yale ya kahawia yanaingia kwenye chapati na nguo za kulalia, na harufu haitoki kwa kufua mara moja. Tena yanafanana na chai, na ni sumu: zungushia chupa utepe mwekundu wa gundi, mtu asije akainywa gizani.

Kopo la pipi lenye kifuniko cha kubana halimwagi kitu, linakaa mfukoni, lakini halizimi moto. Tandika kijiko cha mchanga mkavu chini. Ponda ncha kwenye jiwe, kamwe si kwenye gogo, kisha iguse kwa kidole kilicholowa. Ikiwa bado ya moto, subiri.

Kwa mwendo mrefu, beba kopo. Chupa ibaki kambini, wavutaji watatu wanne wakiichangia, mbali na mahema, pale upepo unapoelekea, si unapotokea. Kiangazi, nyasi zikikauka, usivute ukitembea hata kama una vyote viwili.