Chensoo yangu ya kwanza ya kuni: Stihl MS 250 kwenye baridi ya Mufindi

Kila niliyemuuliza chensoo ya kununua hapa Mafinga, mji wa Mufindi katika nyanda za juu za Tanzania, alinielekeza kwenye mashine kubwa, na siwalaumu. Mufindi chensoo ni ya kuchana mbao. Kijana anapiga mstari juu ya gogo la msindano, anainama nalo asubuhi mpaka jioni. Kazi hiyo inataka injini ya cc 70 na ushee, mfano Stihl MS 381 yenye cc 72.2 na kilo 6.6 kabla hujafunga baa (ule upanga wa chuma unaobeba cheni) wala kujaza mafuta. Mimi nataka kuni tu. Mikaratusi yetu ikishauzwa nguzo, kinachobaki shambani ni vichwa na matawi, mengi yana unene wa paja la mtu, na pembeni tuna miwati. Kwa mzigo huo nikachukua MS 250: cc 45.4, kilo 4.6, baa ya inchi 16. Nimekata nayo kuni za msimu mzima wa baridi na sijatamani kubwa zaidi.

Kununua kwenyewe kulinichosha. Duka moja lilikuwa na boksi la rangi zilezile za chungwa na nyeupe, bei nusu. Nikahofia ni bandia, nikaomba nione namba iliyogongwa kwenye bodi. Muuzaji akaniuliza, "Mzee, unanunua au unakagua?" Nikamwambia nakagua, nikaondoka. Hela iliyobaki baada ya mashine sikuirudisha mfukoni: ilienda kwenye tupa ya mviringo, mabuti magumu, miwani, viziba masikio na cheni ya akiba. Ukiniuliza, bora ununue mashine ndogo pamoja na hivyo vyote kuliko kubwa peke yake.

Kufunga cheni ni kazi rahisi ukiwa hujaharakishwa. Meno ya upande wa juu wa baa yanatazama mbele, kwenye ncha. Inua ncha ya baa kwa mkono wakati unakaza skrubu ya cheni, ndipo ukaze nati za kifuniko. Cheni iguse baa upande wa chini, lakini mkono wenye glavu uweze kuizungusha bila kushindana nayo. Cheni mpya inalegea upesi, kwa hiyo nilisimama kuiangalia kila baada ya magogo machache. Jioni nailegeza tena, maana iliyokazwa ikiwa moto inasinyaa ikipoa na kuvuta ekseli ya injini. Kabla ya kukata naelekeza ncha kwenye kipande cha boksi na kupandisha moto, yaani kubonyeza akseleta: mstari mwembamba wa oili ukitokea, cheni inalainishwa. Boksi likibaki kavu, sikati.

Mafuta ni petroli na oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili), 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa lita moja. Nachanganya kidogo kidogo, kwa sababu mchanganyiko uliokaa muda mrefu unaleta usumbufu kwenye kabureta.

Sasa jambo ambalo maelekezo ya Dar hayakukuambia. Huku tuko juu ya mita 1,800, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya sita kuliko pwani, wakati kabureta bado inamwaga petroli ileile. Mashine yangu ilikuwa inatoa moshi mwingi na kugugumia hata ikiwa kwenye gogo. Filta ya hewa ilikuwa safi, plagi nyeusi ti. Fundi alisikiliza kidogo tu, akasema, "Kaka, inashiba mno hii." Akachukua bisibisi nyembamba, akageuza skrubu ya H, inayopima petroli ikiwa moto wote, kuelekea kulia, kiasi cha robo ya robo, akakata kipande, akageuza tena kidogo, akaacha. Anachotafuta ni hiki: ikiwa hewani, moto wote, sauti ikwaruze kidogo, ikiingia kwenye mti, sauti isafike. Ikisafika hata hewani, petroli imepungua mno na pistoni inaungua. Ndiyo maana skrubu hiyo naiachia fundi. Ile ya LA, ya mwendo wa injini ikiwa haijabonyezwa, naishika mwenyewe: cheni ikizunguka bila kubonyeza akseleta, naigeuza kushoto mpaka isimame.

Naiwasha ikiwa chini, breki ya cheni imefungwa, mguu wa kulia ndani ya mshikio wa nyuma. Vijana wanaivuta ikining'inia mkononi. Kwangu mtu huyo hashiki mashine. Pia ncha ya baa, sehemu yake ya juu, isiguse gogo la pili, kwa sababu hapo ndipo inaporuka kuelekea usoni.

Kwenye gogo lililolala juu ya mawe mawili, kata theluthi kutoka juu, malizia kutoka chini, la sivyo baa inabanwa. Lililoning'inia upande mmoja, kinyume chake. Mwati mkavu ni mgumu kweli, lakini cheni kali inashuka kwa uzito wa mashine tu na kutupa vipande vinene vya mti. Ukianza kuona unga mwembamba, simama. Cheni ya ukubwa wa .325 (inchi), kama yangu, inanolewa kwa tupa ya milimita 4.8, nyuzi 30, viboko vichache kila jino, vyote kwa kusukuma mbele. Ikigusa udongo wetu mwekundu hata mara moja, kanoe.

Lawama? Ukiilaza, inaacha doa la oili ya cheni, kama chensoo nyingi, kwa hiyo naiwekea boksi. Na kwa kuchana mbao, usiinunue. Itakuchosha wewe na itachoka yenyewe.

Cheni ya akiba usiombe kwa jina la mashine tu. Soma kwenye baa yako ukubwa wa cheni na upana wa mfereji, hesabu meno ya chini yanayoingia humo, nenda na cheni kuukuu mkononi. Dukani wanakata kutoka kwenye roli, na mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kukataa kuingia baa moja.