Shardoni ya Maria kutoka pepinieri ya barabara ya Sake: chukua mbegu, ile miche mikubwa acha

Mwaka jana mwezi wa 9, mvua zilipoanza tu, nilienda kwa ile pepinieri, pale wanauzia miche, iko pembeni ya barabara ya Goma kwenda Sake, kutafuta shardoni, ule mmea wa miiba wenye majani kama mtu amemwagia maziwa juu, Wazungu wanaiita ya Maria ju hadithi yao inasema ni maziwa ya Bikira Maria yalidondoka pale. Mama muuzaji alinipokea vizuri sana, akanionyesha miche mitano mikubwa mu sashe nyeusi za plastiki, nikalipa 2500 franka kila mmoja, akaniongezea na mbegu bure mu karatasi, nyeusi, ngumu, zinang'aa.

Tatizo iko kwa ile mikubwa. Nilipochana sashe ya kwanza nikakuta ule mzizi wa katikati umefika chini, umekosa pa kupita, umejizungusha mara tatu kama kamba ya ndoo. Shardoni inaishi kwa huo mzizi mmoja unaoshuka moja kwa moja, haipendi kabisa kuhamishwa. Mitatu ilikauka ndani ya wiki mbili hata nilikuwa namwagilia, na miwili iliyobaki ilitoa maua madogo kama kifungo cha koti. Mama alipaswa kuniambia, hiyo iliniuma.

Lakini mbegu sasa! Kwetu ni pale lava ya volkano ya 2002 ilipita, jembe ukilipiga linalia, ndizi tu kuisimamisha ni kazi, nami nikatafuta nafasi kati ya makoro, yale mawe ya lava, pa jua la siku nzima, nikachanganya udongo wa beseni moja na mbolea kidogo sana, nikazika mbegu 8 kina cha sentimita moja hivi, kila moja hatua moja na mwenzake. Zilitoka 6. Maji hapo hayasimami na ndivyo inavyopenda, kwanza ikatandaza majani chini kama sahani, halafu ikapanda, mwezi wa 2 ilikuwa imenipita urefu, maua ya zambarau, nyuki tangu asubuhi.

Vaa glavu nzito, miiba ya chini ya ua inapita kitambaa. Na ua likianza kukauka kata mara moja kabla ya ile pamba nyeupe kufunguka, mimi nilipasua moja nikahesabu mbegu 112, upepo wa ziwa ukizichukua jirani atazing'oa miaka na miaka. Mwenye ng'ombe asiipande karibu na malisho, majani yake yanaweza kuwa na nitrati nyingi na ikawaua. Pale pepinieri watakuambia pia inatibu ini. Sawa, mbegu zina silimarini, kile kitu wanachosema kinasaidia ini, lakini mgonjwa wa ini aende kwa daktari.

Mwezi wa 9 nitarudi kwa yule mama, nitalipia mbegu, na kama iko na miche ya majani mawili tu, hiyo pia nitachukua.