Kujitolea katika jumuiya za Camphill
Jumuiya za Camphill, zilizoanzishwa karibu na Aberdeen, Uskoti, mwaka 1940 na daktari Karl König pamoja na wakimbizi wenzake kutoka Austria, kwa kawaida humpa mgeni anayejitolea malazi, chakula na posho ndogo, naye huishi nyumba moja na watu wazima wenye ulemavu wa akili. Ubora wake upo hapo: mkaazi hachukuliwi kama mgonjwa, bali hushiriki kupika na kulima kwa kadiri ya uwezo wake, hata kama kumenya viazi kutachukua asubuhi nzima. Hata hivyo, kwa kuwa mahali pa kazi ndipo nyumbani, mapumziko humegwa kwa urahisi. Anayetaka kwenda aulize mapema, kwa maandishi, kuhusu saa za zamu na mafunzo ya kumsaidia mtu kuoga au kumeza dawa.