Siku mbili za Carpentries au miezi mitatu ya H3ABioNet?

Warsha ya The Carpentries, shirika linalowafundisha watafiti stadi za kompyuta na data, kwa kawaida ni ya siku mbili. Mkufunzi anaandika amri mbele yenu, nanyi mnamfuata kwenye kompyuta zenu: amri za Unix, Git ya kutunza matoleo ya faili, kisha lugha ya programu, Python au R. Kila mshiriki ana vikaratasi vya kunata vya rangi mbili. Ukikwama, unabandika kile cha kuomba msaada na msaidizi anakufuata ulipo, bila wewe kunyoosha mkono wala kuona haya. Kwangu hilo pekee linatosha kuisifu.

Ila jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, huigusi sana hapo. Kozi ya utangulizi ya H3ABioNet, mtandao wa Afrika wa bioinformatiki (uchambuzi wa data za kibiolojia kwa kompyuta), ilianza 2016 na ilikwenda kama miezi mitatu: hifadhidata za kibiolojia, ulinganishaji wa mifuatano ya DNA, filojenetiki (jinsi viumbe vinavyohusiana kimageuko). Wanafunzi walikaa madarasani katika vyuo vyao, nchi mbalimbali za Afrika, na kuunganishwa na wakufunzi kwa video. Hakuna aliyelazimika kupanda ndege, na wasaidizi walikuwa darasani humo humo.

Una data ya mfuatano tayari na hujui pa kuanzia? Tafuta kozi ndefu ya namna hii. Kama kinachokusumbua ni majedwali ya Excel yaliyovurugika, siku mbili zinakutosha.