Mkojo wa mbwa unaunguza ukoka: nunua mpira wa maji, vidonge achana navyo

Mwezi wa tatu nilitoa shilingi 65,000 kununua kopo la vidonge vya kuchanganya kwenye chakula cha Popi, mbwa wangu. Niliambiwa wiki tatu tu, bustani itarudi kijani. Kopo likaisha, madoa kwenye ukoka yakatoka tisa yakawa kumi na moja. Nilipoeleza hapa, dada zangu wanne mnaonisoma mkaniandikia kwamba na nyie mmenunua kopo hilohilo. Ndiyo maana naandika.

Litazame doa vizuri. Katikati pamekauka, lakini pembeni kuna duara la kijani kilichokolea kuliko bustani yote. Mkojo wa mbwa una naitrojeni nyingi, sehemu kubwa ikiwa urea, ileile tunayowekea mahindi, pamoja na chumvi. Shina la mhindi ukilimwagia konzi nzima ya urea linaungua. Ukiweka kidogo linanawiri. Katikati ya doa imeanguka konzi, pembeni kimefika kidogo. Jike huchuchumaa akamaliza yote mahali pamoja, basi anaunguza zaidi, ingawa mkojo wake si mkali kuliko wa dume.

Sasa vidonge. Vingi vina methionini, inayoongeza asidi kwenye mkojo, wakati kinachounguza ni naitrojeni na chumvi. Na kuna mbwa ambao mkojo wao ukichezewa hivyo hupata vijiwe kwenye kibofu. Kwangu vidonge ni vya mwisho kabisa, na usimpe mbwa wako kabla hujaongea na daktari wa mifugo. Siki na magadi navyo havisaidii.

Kinachosaidia ni maji, mengi, na upesi. Mbwa akimaliza tu, mwaga lita tano au zaidi palepale. Ukingoja jioni umechelewa.

Kwa hiyo namba moja ni mpira wa maji. Rangi, pua ya kunyunyizia, pa kuuzungushia, mtachagua wenyewe. Mimi naangalia kitu kimoja ambacho sijaona muuzaji akikitaja: je, unakunjika? Mpira dhaifu ni plastiki ya tabaka moja. Jua la saa saba la hapa Goba likiupiga unalainika, ukiuvuta kuzunguka kona ya nyumba unajikunja na maji yanakatika. Unarudi kuukunjua, unakunjika mbele zaidi. Maji ya simtanki hayana nguvu ya kuufungua yenyewe. Nimesimama juani nikikunjua mpira mara tatu huku mkojo unazama kwenye mizizi, na siku zilivyokwenda nikaacha kumwagilia. Kukata tamaa huko ndiko kulikonipeleka kwenye vidonge.

Dukani shika kipande, kipinde kiwe duara la ukubwa wa sahani ya chai. Kikibonyea na kuacha mstari mweupe, usinunue. Tazama na ncha iliyokatwa: uone tabaka zaidi ya moja, na nyuzi zilizosukwa katikati.

Mimi ni mtu wa Gardena, nasema wazi. Ni chapa ya vifaa vya bustani iliyoanzia Ujerumani, na kuna kiunganishi chao ambacho ukichomoa pua, maji yanajizuia yenyewe mpirani, huna haja ya kukimbilia bombani. Wangu ni wa milimita 13, shemeji aliniletea mwezi wa tano. Bei yake iliniuma. Tangu hapo nimepata doa jipya moja tu, la siku niliyosafiri.

Namba mbili ni kona ya changarawe, mita mbili kwa mbili. Mpeleke kila asubuhi kwa kamba, akikojoa pale msifie. Inataka uvumilivu wa wiki kadhaa, lakini ikishika, umepona. Tatu ni kubadilisha majani, na hiyo ni gharama ya bustani nzima upya. Na kama bustani yako ni ndogo, badala ya mpira keni ya kumwagilia ya lita kumi inatosha.

Lililobaki moyoni ni mpira wangu wa kwanza. Niliununua Kariakoo kwa 48,000, umeandikwa mita 30. Ulikuwa umefungwa nailoni, muuzaji hataki ufunguliwe, na ukutani amebandika kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Nyumbani niliupima kwa futi ya fundi nikapata mita 24 na nusu. Niliporudi akanijibu, "Dada, ndivyo unavyotoka kiwandani." Mita tano na nusu nilizozilipia na sikupewa ndizo zilizopungua kuifikia kona anayoipenda Popi, kule nyuma kwenye mpapai. Mama mmoja wa Kimara ameniandikia kwamba wake ulipungua mita nne. Siku hizi futi inakaa kwenye mkoba wangu. Muuzaji asiyekubali nifungue mpira na kuupima mbele yake, hela yangu haipati.