Mafunzo ya siku tano ya ushahidi wa kesi za ugaidi, Mtwara: sanduku zuri, Ruvuma imesahaulika

Anayefikiria kuiombea wilaya yake mafunzo haya, iwe Masasi, Newala au Nachingwea, ayaombe. Siku ya pili na ya tatu peke yake zinafidia usumbufu wa kuwatoa watu kazini wiki nzima. Ila kabla ya kusaini barua ya kukubali, amuulize mtoa mafunzo: ushahidi uliovuka Mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji, mnaufundisha siku gani? Kwa ratiba ilivyo sasa, haumo.

Kinachotolewa ni kozi ya upelelezi na uendeshaji wa mashtaka ya ugaidi, iliyoandaliwa na taasisi ya nje na kufanyika Mtwara Mjini kwa watu wasiozidi 24: wapelelezi wa polisi, mawakili wa serikali, maofisa uhamiaji na forodha. Mahakimu wana kikao chao cha siku moja, chumba kingine, mkufunzi mwingine. Hapo waandaaji wamefikiri vizuri. Hakimu akikaa meza moja na mwendesha mashtaka wakipeana mbinu za kushinda kesi, siku kesi yenyewe ikifika mbele yake wakili wa utetezi atakuwa na hoja nzito ya kumtaka ajitoe. Watoa mafunzo wengi hawalijali hilo, wanachowahi ni picha ya pamoja.

Siku ya kwanza ni ndefu kuliko inavyostahili. Mikataba 19 ya kimataifa, Azimio 1373 la Baraza la Usalama la Septemba 2001 linalozitaka nchi zote zifanye ufadhili wa ugaidi kuwa jinai, Azimio 2178 la 2014 na 2396 la 2017 kuhusu wapiganaji wanaovuka mipaka, Mkakati wa Umoja wa Mataifa wa 2006 na nguzo zake nne: vyote vinasomwa kwenye slaidi mpaka saa kumi jioni. Mpelelezi wa Tandahimba anahitaji nusu saa ya hayo, ajue tu Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002, Sura ya 19, imesimama juu ya nini. Mfano unaorudiwa ni mlipuko wa ubalozi wa Marekani Dar es Salaam wa 7 Agosti 1998, uliochukua maisha ya watu 11. Ni mfano halali. Lakini kwa watu wa mkoa ambao kijiji chake cha Kitaya kilishambuliwa Oktoba 2020 na kundi lililotoka ng'ambo ya mto, mkoa wa Cabo Delgado wa Msumbiji, kuliruka tukio hilo ni sawa na kufundisha uvuvi Mikindani kwa picha za Ziwa Victoria.

Vitini vina kasoro nyingine inayoweza kuumiza kesi. Namba za vifungu ni za matoleo ya zamani, wakati Toleo la Urekebu la Sheria la Mwaka 2023 limeanza kutumika Julai 2025 na namba nyingi zimesogea. Mtu akinakili kifungu kutoka kwenye kitini hicho mpaka kwenye hati ya mashtaka, ajiandae kwa pingamizi. Hati hurekebishwa, sawa, lakini shahidi aliyetoka Nanyumbu kwa nauli ya serikali anarudi nyumbani bila kutoa ushahidi.

Siku ya pili ndipo kozi inapoanza kweli. Kila watu wanne wanapewa sanduku moja la vifaa vya eneo la tukio, na sanduku hilo linabaki wilayani. Ndani kuna bahasha za kaki za saizi tatu, mikebe ya chuma yenye kifuniko cha kubana, mifuko ya nailoni, vijiti vya pamba, glavu, rula ya picha, tepu ya usalama inayoacha alama ikibanduliwa, lebo, mifuko minne ya Faraday inayozuia mawimbi ya simu, na kifaa kinachoruhusu kusoma diski bila kuandika chochote juu yake. Ubora wake ni mzuri. Cha maana zaidi ni kwamba mkufunzi anaeleza kwa nini kila kitu kipo na si kingine. Nguo yenye damu huanikwa kivulini ikakauka, ndipo iingie kwenye karatasi. Ikiwekwa kwenye plastiki ikiwa mbichi, kwa unyevu wa pwani hii inaota ukungu na DNA inaharibika. Mabaki ya vilipuzi ni kinyume chake. Hayo yanataka mkebe uliofungwa au nailoni, kwa sababu mvuke wake hupenya karatasi na mfuko wa kawaida wa rambo, na ukipenya unachafua kielelezo cha jirani. Ndiyo maana glavu hubadilishwa kila kielelezo, na kijiti kimoja kisichogusa chochote hufungwa pamoja kama sampuli ya kulinganishia. Kuweka vitu hivyo stoo moja na bunduki za askari ni kuiua kesi kabla haijafunguliwa.

Wasichosema ni kwamba tepu ya usalama haishiki vizuri juu ya mfuko wenye jasho la mikono au mchanga wa Msimbati. Sehemu ya kubandika ifutwe kwa kitambaa kikavu kwanza, na sahihi ivuke tepu, nusu juu ya tepu na nusu juu ya mfuko. Kalamu za jeli zilizomo kwenye sanduku zitupwe, wino wake unatambaa ukigusa unyevu. Bairo ya kawaida inatosha kwa lebo, na maka ya wino usiofutika kwa mkebe.

Somo la simu ni bora kuliko yote. Mshiriki anapewa simu ya laini mbili iliyo wazi na kuambiwa aifikishe salama mpaka asubuhi. Anapiga picha ya skrini kabla ya kugusa. Analinganisha saa ya simu na saa halisi na kuandika tofauti, kwani dakika saba za tofauti zinaweza kumweka mtu mahali ambapo hakuwepo. Anaiweka hali ya ndegeni, anazima Wi-Fi na Bluetooth, anaandika kila alichobonyeza na muda wake. IMEI, namba ya utambulisho ya simu yenyewe, ina tarakimu 15, na simu ya laini mbili kwa kawaida ina IMEI mbili. Wengi huandika moja. Kisha mfuko wa Faraday, mdomo ukunjwe kama maelekezo yanavyosema, si kufumbwa tu. Mfuko hujaribiwa kwa simu nyingine kabla ya tukio. Kuna wanaoujaribu kwa kuipigia simu ya mtuhumiwa ikiwa ndani, jambo linaloongeza simu ya askari kwenye kumbukumbu za mtandao za kielelezo chake mwenyewe.

Simu iliyofungiwa bila hali ya ndegeni hutafuta mtandao mfululizo na chaji huisha haraka. Ikizimika, zile za kisasa zikiwashwa tena data hubaki imefichwa mpaka nywila iingizwe, na nafasi ya maabara kuisoma inapungua sana. Tiba ni pawabenki, nayo iwekwe ndani ya mfuko pamoja na simu. Waya ukipita mdomoni unageuka antena na mfuko unakosa kazi. Kozi inaishia hapo, nasi tunaongeza: pawabenki inayochaji ndani ya mfuko uliofungwa, juu ya dashibodi ya Land Cruiser saa saba mchana, inapata joto la hatari. Ikae kivulini, ikaguliwe. Kwa kitochi, msitoe betri kwa haraka. Baadhi hupoteza saa na tarehe.

Nakala ya diski hutolewa alama ya SHA-256, herufi na tarakimu 64 zinazobadilika data ikiguswa. Fomu ya kozi ina nafasi ya kuandika nane za mwanzo tu. Hilo libadilishwe: alama yote ichapwe, isainiwe na ibandikwe, kwani kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaangalia namna taarifa ilivyotengenezwa, kutunzwa na kulindwa isiguswe, na tarakimu nane hazimridhishi wakili anayejua kazi yake.

Mnyororo wa utunzaji wa vielelezo unafundishwa kwa kufuata msingi wa Mahakama ya Rufani katika rufaa ya jinai namba 110 ya 2007: maandishi yanayoonyesha kukamatwa, kutunzwa, kuhamishwa, kuchunguzwa, mpaka kufika mahakamani. Mkufunzi anakiri kwamba mahakama baadaye ililegeza kwa vitu visivyobadilishika kirahisi. Ila laini ya simu na flashi ni vitu vinavyobadilishika ndani ya mfuko wa suruali, kwa hiyo asiutegemee mtu ulegezaji huo. Mnyororo huo anaufungamanisha na PGO 229, amri ya kudumu ya polisi kuhusu vielelezo, na daftari la vielelezo la kituo, badala ya kuleta fomu ya kwao. Vizuri sana.

Hata hivyo fomu ya makabidhiano imeandikwa kwa mji ambao maabara iko mtaa wa pili. Ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipo hapa Mtwara, lakini simu na kompyuta husafiri mpaka maabara ya polisi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550. Kielelezo kililala wapi, nani alishika ufunguo, gari liliharibika wapi: nafasi hiyo haipo. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara Somanga na magari yakakwama. Aliyebeba kielelezo siku kama hiyo anatakiwa aandike kituo alichokihifadhi, namba ya daftari la kituo hicho, na namba ya lakiri ilivyosomeka asubuhi yake. Karatasi moja ya ziada iliyopigwa mistari kwa mkono inaziba pengo hili.

Mahojiano yanafundishwa kwa mtindo wa PEACE uliotoka Uingereza, kupanga kwanza na kumwacha mtu aeleze kabla ya kumbana. Ni nusu siku iliyotumika vizuri. Muda wa msingi wa saa 4 wa kumhoji aliye chini ya ulinzi umeelezwa, pamoja na kwamba muda wa kumsafirisha, tuseme kutoka Kilambo mpaka mjini, hauhesabiwi. Kinachosahaulika ni kuuandika: saa ya kuondoka, saa ya kufika, nani alikuwemo garini. Bila hayo maelezo ya onyo yanaingia kwenye kesi ndogo ndani ya kesi, ya kuamua kama yapokelewe, na mara nyingi hayatoki salama. Watoto wamepewa slaidi mbili tu, wakati Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka mzazi, mlezi au ofisa ustawi wa jamii awepo, na wanaotekwa Cabo Delgado wengine ni watoto.

Fedha zimepewa saa mbili na mfano wa dhahabu. Tanzania ilikuwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kudhibiti utakatishaji fedha na ufadhili wa ugaidi, kuanzia Oktoba 2022 mpaka Juni 2025, kwa hiyo mada si ya kupitia juu juu. Mtwara na Lindi fedha nyingi hutembea msimu wa korosho: mnada, chama cha msingi, akaunti ya mkulima. Mtu mwenye mabunda ya noti kijijini mwezi Oktoba huenda ni mnunuzi wa kangomba, yaani korosho zinazonunuliwa nje ya mfumo rasmi, ambayo ni kosa lakini si ugaidi. Zoezi zuri lingempa mshiriki miamala ya wakala wa simu ya miezi mitatu, atofautishe anayelipia korosho za magendo na anayetuma viwango vidogo vidogo kwa namba zilezile za mpakani hata nje ya msimu. Bila mfano huo, mtu anarudi ofisini akimshuku kila mwenye hela.

Sasa Ruvuma. Kielelezo kikipatikana kwa mtu aliyevuka kwa mtumbwi, au aliyepita Daraja la Umoja pale Mtambaswala, ndani ya simu kuna laini za +258. Barua kwa kampuni ya simu ya hapa haisaidii. Taarifa inayopatikana kwa polisi wenzao kupitia INTERPOL inaelekeza upelelezi, haiwi kielelezo. Kinachohitajika ni ombi rasmi chini ya Sheria ya Kusaidiana katika Masuala ya Jinai, Sura ya 254, na hapo kozi ina slaidi moja yenye mishale. Ombi linaloeleweka lina maelezo mafupi ya kosa, maneno ya kifungu chenyewe, kitu kimoja kimoja kinachoombwa, tarehe ya kesi, na tafsiri ya Kireno iliyosomwa na mwanasheria. Msumbiji wanafuata mfumo wa sheria wa Kireno. Hati ikiwa kwenye jalada lao imetosha, hawana desturi ya kumwita kila aliyeigusa. Sisi tunamwita. Kwa hiyo ombi litaje wazi: orodha ya wote walioshika kielelezo, sahihi kila ukurasa, na shahidi aliye tayari kusema kwa video. Ikisahaulika, inakuja bahasha nzuri yenye mihuri ambayo mahakama haitaipokea. Kwa data zilizoko kwenye makampuni ya mitandao ya kijamii, ombi la kuhifadhi litangulie siku ileile. Meta, kwa mfano, huhifadhi kwa siku 90 wakisubiri hati rasmi.

Siku ya tano ni mahakama ya maigizo, nayo inaendeshwa kwa Kiingereza. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Askari anayejibu maswali magumu kwa ufasaha kwa Kiswahili anaonekana mjinga kwa Kiingereza, na mkufunzi anaandika kwamba hajaelewa. Maigizo yenyewe ni makali, kama yanavyotakiwa kuwa: wakili wa utetezi ni wa kweli, anafungua bahasha mbele ya kila mtu na kuuliza kwa nini lebo inasema saa tatu na daftari linasema saa tano.

Kuhusu maandalizi: ombeni Juni au Julai, barabara zikiwa kavu na minada ya korosho haijaanza. Posho na nauli hulipwa na mtoa mafunzo, lakini mafuta ya gari la wilaya ni yenu. Mrejesho baada ya miezi sita umo kwenye mkataba, na mkufunzi anatakiwa kuja kukagua stoo ya vielelezo. Mshikilieni kwa hilo. Vifaa vya kutumika mara moja haviongezwi. Tepu ya usalama na glavu ndivyo vitakavyoisha kwanza, basi viingizwe kwenye bajeti ya robo inayofuata, tepu yenye namba za mfululizo, si ile nyekundu ya kufungia maboksi inayouzwa madukani.