Uzoefu wangu: digiKam na IrfanView kwa picha za familia

Nilipoanza kutafuta programu ya bure ya kupangia picha za familia yetu hapa Wete, sharti langu lilikuwa moja: picha zikae katika diski yangu, na kazi iendelee hata bando likiisha. Zamani nilitumia Picasa, ambayo Google iliacha kuiendeleza mwaka 2016, na nilipobadilisha kompyuta sikuona busara ya kuhama na programu isiyo na mwenyewe. Google Photos ni rahisi mno kutumia, ila tangu Juni 2021 picha mpya huhesabiwa ndani ya gigabaiti 15 za bure, pamoja na barua pepe, nami ninazo zinazopindukia gigabaiti 60.

Nikatua kwa digiKam, programu huria inayofanya kazi katika Windows, Mac na Linux. Wiki ya kwanza ilinichosha, kwani vitufe ni vingi na mimi si mpiga picha wa gazeti. Kilichonituliza ni tarehe. Saa ya kamera yetu kuukuu ilikuwa ikirudi Januari 2000 kila betri inapotolewa, kwa hiyo picha za Idi na za msimu wa karafuu zilirundikana katika mwaka ambao kamera yenyewe ilikuwa haijanunuliwa. Nilizichagua za Idi zote kwa mkupuo, nikazisogeza mbele kwa miaka na siku zilizopungua, kisha nikafanya vivyo hivyo kwa za karafuu, na kila moja ikaenda mahali pake.

Utambuzi wa nyuso hufanyika ndani ya kompyuta yenyewe, bila ya picha kupelekwa popote, ingawa mara ya kwanza hupakua mafaili ya mamia ya megabaiti. Hilo nilingoja usiku. Mama na mama mdogo iliwachanganya, lakini hata majirani huwachanganya. Majina hayo nimeagiza katika mipangilio yaandikwe ndani ya picha zenyewe, ili nikija kuhama programu nisianze upya. Ukikata au ukiongeza mwanga, huhifadhi toleo jipya pembeni na ile ya asili haiguswi.

Kwa kutuma hutumia IrfanView, ambayo ni bure kwa matumizi ya nyumbani: nabonyeza herufi B, napunguza upana wa picha zote hadi pikseli 1600, nazipeleka katika kundi la familia la WhatsApp. Picha moja tu, ya bibi akianika karafuu juu ya jamvi, binamu yangu wa Maskati aliiomba kamili ili aichapishe kubwa. Hiyo nilimtumia kama faili, si kama picha, ikamfikia bila kupungua.